Kidato cha kwanza wanasoma kifungu kwa sauti bila shida, ila maswali ya ufahamu yanawashinda. Tuanzie wapi?

ChakiNyeupe

Wakuu, heshima kwenu. Naomba mawazo ya walimu wa Kiingereza, hasa mliozoea shule za kata.

Darasa ni kidato cha kwanza, wanafunzi 78 kwenye mkondo mmoja. Karibu wote wametoka shule za msingi za serikali, ambako masomo yote yalifundishwa kwa Kiswahili isipokuwa Kiingereza chenyewe. Kozi ya awali ya mwanzo wa mwaka imekwisha. Kipindi ni dakika 40. Kitabu kimoja wanagawana watano.

Matatizo yako hivi. Ukimpa mtu kifungu asome kwa sauti anasoma, tena wengine kwa mbwembwe. Ukiuliza swali, anatafuta kwenye kifungu sentensi yenye neno lililomo kwenye swali, anainakili nzima, anahamia swali linalofuata. Kwenye sarufi, zoezi la kujaza nafasi wanapata 8 kwa 10, lakini siku ya insha mtu yule yule anaandika "My father he go to farm yesterday". Halafu kuna kusahihisha: insha 78 zinamaliza wikiendi yote, na wakirudishiwa wanaangalia alama tu, daftari linafungwa.

Tafadhali msiniambie "wasome vitabu vingi". Vitabu havipo. Nataka vitu vya kufanya darasani Jumatatu.

---

Mwl_Pwani

Mwalimu, kabla ya kubadilisha chochote, pima. "Hawaelewi kifungu" kunaweza kuwa na sababu nne tofauti, na ukitibu isiyo yenyewe muhula unaisha bila mabadiliko.

Chukua wanafunzi 10: watatu wa juu, wanne wa kati, watatu wa chini. Tumia kifungu kifupi ambacho hawajawahi kukiona. Hiki kina maneno 60 kamili, kitumie ukipenda:

"Asha's mother sells fried fish near the ferry. Every morning she buys two buckets from the boats, but on Monday the sea was rough and the boats did not go out. She opened her stall anyway and sold tea and cassava instead. By noon the flask was empty, and three of her usual customers had walked away without sitting down."

Kipimo cha kwanza ni kasi. Mmoja mmoja asome kwa dakika moja, wewe hesabu maneno aliyoyatamka sawasawa. Asiyefikisha maneno 40 hadi 45 bado anapigana na herufi. Akifika mwisho wa sentensi, mwanzo wake umeshamtoka kichwani. Na hizo mbwembwe zisikudanganye. Kiswahili kinasomwa kama kinavyoandikwa, kwa hiyo mtoto amezoea kwamba ukishatamka herufi zote, kazi imekwisha. Anakuja na tabia hiyo kwenye "rough" na "walked", anatoa "rogi" na "walikedi" kwa sauti kubwa ya kujiamini, lakini alichotamka hakilingani na neno lolote analolijua.

Kipimo cha pili ni msamiati. Toa maneno 15 ya kifungu, akupe maana kwa Kiswahili. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000 ulifikia hitimisho kwamba ili mtu aelewe hadithi bila msaada anahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno yake, yaani neno geni lisizidi 1 katika kila 50. Darasani, wewe ukiwepo kusaidia, asilimia 95 inavumilika: neno 1 katika 20. Kwa kifungu hiki cha maneno 60 hayo ni maneno matatu tu. Wakikuonyesha tisa au kumi, basi kifungu ndicho kigumu mno, usimlaumu mwanafunzi.

Cha tatu: msimulie kifungu hicho hicho kwa Kiswahili, kisha muulize maswali yale yale kwa Kiswahili. Akishindwa hapo, shida yake haiko kwenye Kiingereza. Hajazoea kuulizwa swali ambalo jibu lake halijaandikwa waziwazi.

Cha nne: swali kwa Kiingereza, ila umruhusu ajibu kwa Kiswahili. Akijibu vizuri hapa na akaanguka anapojibu kwa Kiingereza, kifungu alikielewa. Kilichomshinda ni kuunda sentensi ya jibu.

Wanafunzi 10 kwa dakika sita kila mmoja ni saa moja. Fanya baada ya vipindi.

---

ChakiNyeupe

Nimepima, asante. Matokeo kwa ufupi: wanne hawafiki maneno 45. Kwenye msamiati, cha ajabu "buckets" na "cassava" wengi wanayajua. Yanayowashinda ni "anyway", "instead", "without" na "rough". Kipimo cha Kiswahili: swali la "kwa nini wateja watatu waliondoka" ni watatu tu kati ya 10 waliotoa sababu yenye kichwa na miguu. Wengine wamesema "kwa sababu waliondoka bila kukaa".

Kwa hiyo nina makundi mawili au matatu ndani ya chumba kimoja. Nifanyeje na kipindi kimoja?

---

Mwl_Pwani

Umeona mwenyewe. "Instead" na "anyway" ndiyo maneno yanayobeba mantiki ya kifungu, ila kwa kuwa hayana picha, walimu tunayaruka. Orodhesha maneno kama 12 ya aina hiyo uyafundishe kama msamiati kamili, mawili kwa wiki: but, so, because, although, however, instead, anyway, until, unless, without, before, while. Kila moja kwa sentensi mbili za Kiingereza na maana ya Kiswahili kando. Wiki sita zinatosha.

Kuhusu vitabu: nunua karatasi za manila na kalamu ya wino mzito. Kifungu cha maneno 60 hadi 80 kinaenea kwenye karatasi moja kwa herufi za sentimita tatu, na aliyekaa benchi la mwisho anaona. Usiandike ubaoni, utapoteza dakika 10 za kipindi na kesho kutwa kimefutwa. Manila inakaa mwaka mzima na mkondo wa pili wanaitumia.

Kipindi cha dakika 40 kigawe hivi. Dakika 5 maneno mapya, yasizidi sita. Dakika 4 waonyeshe swali moja kubwa kabla hawajasoma, kwa mfano "Was Monday a good day for Asha's mother?", wabashiri. Dakika 2 wewe soma kwa sauti, taratibu, ukifuatisha kwa fimbo. Dakika 5 wasome wote baada yako, kipande kwa kipande, si neno kwa neno: "Every morning / she buys two buckets / from the boats". Dakika 5 wasome wawili wawili. Mwenye kasi akae na wa polepole, na wa polepole ndiye aanze. Dakika 4 kimya. Dakika 10 maswali, dakika 5 za mwisho kila jibu litetewe kwa kuonyesha mstari.

Wale wanne wasiofika 45 ndio wanaofaidika na kurudia huko. Wakati wa kusoma kimya wamekisikia kifungu mara tatu, kwa hiyo wanapata nafasi ya kufikiri badala ya kupambana na herufi tu. Kwa hao ongeza dakika 10, mara tatu kwa wiki, za jozi za maneno: hat na hate, bit na bite, hop na hope, cub na cube. Waone "e" ya mwisho haitamkwi ila inabadilisha irabu ya kabla yake. Kisha mwisho wa "-ed": baada ya "t" au "d" inaongeza silabi, kama "wanted", kwingine haiongezi, "walked" ni silabi moja na "opened" ni mbili. Hilo moja tu linaondoa nusu ya "walikedi".

Sasa kuchota sentensi. Jaribu hii darasani, andika ubaoni: "The glips drobed in the taffin because they were mishy." Uliza: "Where did the glips drobe?" Watajibu wote "In the taffin". "Why?" Watajibu "Because they were mishy". Hakuna anayejua glips ni nini, maana hayapo. Wakicheka, wameelewa hoja. Na mwalimu naye anapaswa kuona kwamba swali linalojibika hivi halipimi uelewa.

Baada ya hapo wafundishe kuuliza "jibu langu liko wapi?" kabla ya kujibu. Kwa kifungu cha Asha:

"Where does Asha's mother sell fish?" Jibu liko kwenye mstari mmoja. Sawa kunukuu, ila achukue kipande tu, "near the ferry".

"Why was there no fish on Monday?" Hakuna sentensi isemayo hivyo. Lazima aunganishe: bahari ilichafuka, mashua hazikutoka, ananunua samaki kwa hao wa mashua. Mtu anayechota ataandika "but on Monday the sea was rough", amepata nusu ya sababu na "but" inaning'inia.

"Why did three customers walk away?" Jibu halikuandikwa, ushahidi umeandikwa. "Usual customers" ni waliozoea samaki. Siku hiyo palikuwa na chai na muhogo. Tena wameondoka bila kukaa. Mwingine atasema chai ilikuwa imekwisha, "the flask was empty". Kubali yote mawili alimradi aonyeshe mstari. Usikubali "they were angry", hakuna mstari unaosema hivyo.

"What does 'rough' mean here?" Azuie neno kwa kidole, asome kilichobaki: bahari ilikuwa ___ na mashua hazikutoka. Neno lolote la Kiswahili analoliweka hapo likiwa na maana, kalipata: imechafuka.

Na viwakilishi: wachore mishale kutoka kila "she" na "her" kurudi kwa mwenyewe. Kwenye kifungu kirefu chenye watu watatu, makosa mengi ya ufahamu yanaanzia kwenye "they" na "it" ambavyo mtoto hajui vinamrejelea nani.

---

Nidhamu_Kwanza

Mnazunguka sana. Suluhisho ni moja: Kiswahili kipigwe marufuku kuanzia getini. Anayekutwa anakiongea anavaa kibao shingoni. Shule zinazofaulu zinafanya hivyo. Ninyi mnaruhusu majibu kwa Kiswahili halafu mnashangaa.

---

KiimaNaKiarifu

Nidhamu_Kwanza, ukiwavalisha kibao watoto wa kidato cha kwanza hawataongea Kiingereza, watanyamaza. Mwenye msamiati wa maneno 500 akikatazwa lugha aliyonayo anabaki na "yes", "no" na "madam may I go out". Shule unazozisema nyingi zinapokea watoto waliosoma kwa Kiingereza tangu awali, usilinganishe. Mimi ningetenga: dakika 15 za mwanzo wa kipindi Kiingereza kitupu na cha kueleweka, maelezo ya sarufi kwa Kiswahili kama yanahitajika, na mazoezi yote Kiingereza.

Tena sarufi ndiyo hasa inayohitaji Kiswahili, kwa sababu makosa yanatoka huko. ChakiNyeupe, angalia sentensi yako: "My father he go to farm yesterday". Ina makosa matatu na yote yameletwa na Kiswahili.

Ile "he" ni "a-" ya "alikwenda". Kwetu kiima hutajwa mara mbili, "Baba a-likwenda", na ni sahihi. Kiingereza kinataka mmoja. Zoezi: andika sentensi 10 zenye wote wawili, wafute mmoja. "My father went" au "He went". Dakika tano, siku tatu mfululizo.

Ile "go": Kiswahili kinaweka wakati mbele ya shina na shina linabaki vile vile, ninasoma, nilisoma, nitasoma. Mtoto anaona "yesterday" imeshasema wakati, kwa nini abadilishe neno? Hapa hakuna njia ya mkato. Chagua vitenzi 30 visivyofuata kanuni, vile vinavyotumika kila siku, go, come, see, say, buy, bring, take, give na ndugu zao, vitenzi sita kwa wiki, na kila kimoja kwenye sentensi yenye siku halisi: "I bought sugar on Saturday". Orodha ya safu tatu wanaikariri kama wimbo halafu wanaandika "I buyed".

Ile "farm" bila "the": kwetu kipashio hicho hakipo. Usiwape kanuni zote. Wape mbili: kitu kinachotajwa mara ya kwanza na ni kimoja, "a", kikirudi, au kikiwa kinajulikana ni kipi, "the". Waulize kwenye kifungu cha Asha kwa nini ni "the ferry" na "the sea". Kanuni za mito na milima zingoje kidato cha pili.

Mengine ya kundi hili utakayokutana nayo:

"Did he went?" Wakati umevaliwa mara mbili. "Did" ikishaubeba, kitenzi kinarudi mtupu. Hali kadhalika "does he goes".

"The book which I bought it." Ni "kitabu nilichokinunua", ile "-ki-" ya pili imegeuka "it". Waandike sentensi mbili, "This is the book. I bought it", waziunganishe kwa "which", na "it" ife pale pale.

"If I would have money, I would buy a phone." Ni "ningekuwa na pesa, ningenunua", "-nge-" pande zote mbili. Kiingereza kinaweka "would" upande mmoja tu: "If I had money, I would buy".

"Although it rained, but we played." Ingawa na lakini tunavitumia pamoja bila wasiwasi. Kule kimoja kinatosha.

"I have arrived yesterday." Ni "nimefika jana". Kanuni ya kuwapa: ukitaja lini, "have" inaondoka.

Na "he" kwa mwanamke, kwa kuwa "yeye" haibagui. Zoezi rahisi ni kugeuza kifungu kile: "Asha's mother" awe "Juma's father", waandike upya. Kuna mahali panne pa kubadilisha. Atakayebadilisha patatu hajasoma hadi mwisho.

Vihusishi ni vita ndefu. Niko nyumbani, ninatoka nyumbani, ninakwenda nyumbani: neno ni lile lile. Kiingereza ni "at home", "from home", na "go home" bila kitu. Fundisha kwa vipande vizima kama hivyo. Kufundisha "in ni ndani, on ni juu" ndiko kunakozaa "on the bus" kueleweka kwamba mtu amekaa juu ya paa.

---

ChakiNyeupe

KiimaNaKiarifu, hii imenifungua. Swali: kama sababu ni hiyo, mbona kwenye kujaza nafasi wanapata 8?

---

KiimaNaKiarifu

Kwa sababu kujaza nafasi kunamwonyesha mahali pa kuangalia na nini cha kuangalia. Juu pameandikwa "use the past tense", kitenzi kiko kwenye mabano, amebaki na uamuzi mmoja. Kwenye insha anaamua yote peke yake: wazo, neno, tahajia, wakati, kiima, nukta. Sarufi ndiyo ya kwanza kudondoka.

Kati ya zoezi na insha weka ngazi. Siku ya kwanza kujaza nafasi. Ya pili, wape aya ya wakati uliopo waigeuze iwe jana. Hapo hakuna pengo, anatafuta vitenzi mwenyewe. Ya tatu, maneno makavu: "mother / sell / fish / market / yesterday", aunde sentensi. Ya nne, sentensi tano zake mwenyewe juu ya jana. Insha ya maneno 150 ije mwisho wa mwezi. Watu wanaruka kutoka siku ya kwanza hadi mwisho wa mwezi.

Na usisahau masikio. Maneno ya Kiswahili huishia na irabu, kwa hiyo "-s" na "-ed" za mwisho mtoto hazisikii vizuri, na asichokisikia haandiki. Imla ya sentensi sita kila Ijumaa: "He walks to school. He walked to school. They walk to school." Soma kila moja mara tatu: kasi ya kawaida, kwa vipande, kisha kawaida tena. Usiitamke "-ed" kwa kuikaza ili uwasaidie, utakuwa umewafundisha sauti isiyokuwepo.

---

Nahau254

Hamjambo nyote. Naandika kutoka upande wa Kenya, ambako swali la kujaza mapengo ndani ya kifungu lina alama 10 kwenye karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, kwa hiyo tunalifanyia mazoezi sana. Nadhani litafaa darasa hilo kwa sababu linaunganisha ufahamu na sarufi pamoja, na halihitaji kitabu.

Chukua kifungu ambacho tayari wamekisoma, ondoa maneno. Wengine huondoa kila neno la saba. Hiyo inafaa kupima, kufundisha haifai, kwa sababu unaangukia majina ya watu. Ondoa kwa kukusudia: wiki ya viunganishi ondoa but, and, instead; wiki ya vihusishi ondoa near, from, by. Mapengo kumi kwa maneno 120 hivi. Sentensi ya kwanza iache nzima, la sivyo msomaji hana pa kusimama.

Hatua za mwanafunzi: asome chote mara moja bila kuandika chochote. Hii ndiyo wanayoiruka, na ndiyo inayowaangusha, maana pengo la mstari wa pili mara nyingi hufunguliwa na mstari wa nne. Kisha kwa kila pengo ajiulize ni neno la aina gani: kitenzi, nomino, kihusishi, kiunganishi? Aangalie neno la kabla na la baada. Baada ya "to" kitenzi huwa kitupu mara nyingi. Baada ya "has" kinataka umbo la tatu. Baada ya "two" nomino iwe wingi. Neno moja tu kwa pengo. Tahajia ikikosewa, jibu limekosewa. Mwisho asome tena kifungu kizima na majibu yake ndani, kwa sauti ya chini. Sikio hukamata yaliyolipita jicho.

Kosa la kawaida: mwanafunzi anapata maana na kukosa umbo. Anajua pengo ni la "kuuza", anaandika "sell" mahali pa "sold". Huyo mpe nusu alama darasani ili ajue amefika karibu, ingawa kwenye mtihani hatapewa.

---

Mwl_Pwani

Nimeona hakuna aliyegusa kusahihisha. Insha 78 kwa dakika nne kila moja ni dakika 312, saa tano na robo kasoro kidogo. Hakuna anayeweza kila wiki. Sentensi tano kwa dakika moja ni dakika 78. Anza hapo.

Tangaza kabla hawajaandika: "wiki hii naangalia vitenzi vya jana tu". Makosa mengine yaone, yapite. Najua inauma kuacha "freind" bila kuigusa. Ukipaka daftari zima wino mwekundu mtoto hajui aanze wapi, ndiyo maana analifunga.

Pigia mstari kosa, usiandike jibu. Pembeni weka herufi moja: W kwa wakati, K kwa kiima, T kwa tahajia, N kwa neno lililokosekana. Usiandike alama. Rudisha, wape dakika 10 za kipindi wasahihishe kwa kalamu ya risasi, na alama itolewe baada ya masahihisho. Hii ya kuchelewesha alama ndiyo inayowafanya wafungue daftari.

Insha ndefu gawa darasa mara tatu, 26 kwa wiki. Wale 52 waliobaki wabadilishane na jirani kwa kazi moja inayowezekana: pigia mstari kila kitenzi, hakikisha kila sentensi ina kiima kimoja. Usiwaambie "sahihisheni", wataharibu zilizokuwa sahihi.

Na kutoka kwenye zile 26 nakili sentensi saba bila majina, tano zenye kosa na mbili zisizo na kosa, uziweke ubaoni mwanzo wa kipindi. Bila zile mbili sahihi wanajifunza tu kwamba kila kilichoandikwa ubaoni kina kosa, na wataanza kuvunja hata zilizo nzima.

---

MamaWawili

Samahani walimu, mimi ni mzazi tu, nimefuata uzi huu tangu mwanzo. Mtoto yuko kidato cha kwanza na Kiingereza mimi sikijui. Nikae naye vipi? Au nitafute tu mwalimu wa tuisheni?

---

KiimaNaKiarifu

Mama, tuisheni ya watu 60 sebuleni haitampa kitu ambacho shule haimpi. Unachoweza kufanya wewe hakihitaji Kiingereza, na ni dakika 15 jioni.

Achukue kifungu walichosoma darasani, si kipya. Akusomee kwa sauti mara mbili. Wewe angalia kama ya pili ni nyepesi kuliko ya kwanza. Kisha afunike daftari akusimulie kwa Kiswahili. Wewe uliza maswali ya kawaida tu: nani alifanya hivyo, kwa nini, kabla ya hapo ilikuwaje? Kila akijibu mwambie "nionyeshe ulipoona". Aweke kidole kwenye mstari na akusomee. Akibabaika kutafuta, alikuwa anabuni, arudi asome tena.

Mwisho aandike sentensi tatu za Kiingereza juu ya mambo ya siku hiyo hapo nyumbani, akutafsirie. Usihangaike kama zina makosa, azipeleke shuleni.

---

MamaWawili

Na akisema neno hili halijui?

---

KiimaNaKiarifu

Asiendee kamusi au simu papo hapo. Amalize sentensi, abashiri, aandike alichobashiri kwa kalamu ya risasi. Maneno yakifika matano ndipo afungue kamusi kwa yote pamoja, alinganishe na alichobashiri, na achague maana inayoingia kwenye sentensi ile. "Rough" ina maana nyingi kwenye kamusi, na ya kwanza mara nyingi ni "isiyo laini" au kitu kama hicho. Akiinakili hiyo atakwambia bahari ilikuwa na mikwaruzo.

---

ChakiNyeupe

Nimechukua. Jumatatu naanza na manila, maneno mawili ya wiki ni "instead" na "without", na sentensi za kufuta kiima. Mwl_Pwani, ukiwa na vifungu vingine vifupi vya aina ile ya samaki viweke hapa, visizidi maneno 80 tafadhali, manila ni moja.